Mkono wa Kulia wa Baba

Baba alivunjwa bega na maksai ambaye yeye baba alikuwa akimpiga. Nasema hivyo hivyo, sipambi, kwa sababu msibani kwake watu walisimulia kwamba aliumia akichapa kazi shambani, mzee wa watu, na mimi nikakaa kwenye mkeka nikauma ulimi. Kazi gani! Plau ilikuwa imenasa kwenye kisiki, maksai wa kushoto akagoma, na baba badala ya kushughulika na kisiki akaanza kumchapa maksai machoni. Alimchapa mpaka damu ikamtoka puani. Yule mnyama alikuwa amevumilia kila kitu kwa miaka minne. Siku ile akageuza shingo pamoja na nira yake, akamrusha baba kwenye matuta, akamkanyaga. Mimi nilikuwa nyuma nadondosha mbegu. Nilisikia mfupa ukivunjika, na wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba sasa na yeye amejua inavyouma.

Hiyo ilikuwa kijijini kwetu Mgori, mkoa wa Singida, mvua za kwanza, katika miaka ile watu waliyoiita ya ruksa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, mitumba ilimwagwa chini siku za mnada, na wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka milangoni kuchukua alizeti ambayo zamani iliuzwa ushirika peke yake. Kila kitu ruksa. Kwetu ruksa haikuingia. Kwetu kulikuwa na fimbo, mti mgumu uliong'arishwa kwa samli na viganja vya baba, na ilikaa pembeni mwa mlango mahali ambapo kila aingiaye aione. Fimbo hiyo iliwakimbiza kaka zangu wawili mpaka machimboni na hawakurudi. Mimi ilinikimbiza mpaka Unyambwa, kwa mwanamume wa kwanza aliyenitaka, na baada ya miaka mitatu nikarudi kwa sababu na yeye alikuwa na mikono. Baba alinipokea kwa maneno machache. Alisema mwanamke anayerudi kwao ni yule ambaye hakupigwa vya kutosha. Mama alikuwa amesimama pale pale, na kiwiko chake cha kushoto kilichopinda tangu mimi mdogo. Kiwiko hicho hakikupelekwa hospitali hata siku moja.

Bega la baba lilipelekwa. Lilipanda lori la mnunuzi wa alizeti mpaka Singida mjini, likalazwa, likafungwa kifuani kwa kitambaa. Baada ya wiki kadhaa tukarudi naye hospitali, mimi na mama, na hapo ndipo tulipokutana na bwana wa mazoezi. Alikuwa kijana mpole mwenye koti jeupe lenye kiraka. Alisema mfupa umeanza kuunga vizuri, lakini bega lisipotikiswa litaganda, na bega likishaganda kwa mtu wa umri huu halirudi. Akatuonyesha. Kwanza kitambaa cha maji ya moto. Kisha mzee ainame, mkono mzima ushike meza, ule mgonjwa uning'inie na uchore duara polepole, kubwa kidogo kila siku. Baadaye vidole vitambae ukutani kwenda juu kidogo kidogo. Baadaye tena ashike fimbo kwa mikono yote miwili, mkono mzima uusukume mgonjwa kwenda juu. Maumivu ya kuvuta, alisema, tuyavumilie. Maumivu ya kuchoma kama msumari, hapo hapo tuache. Na mtu mwingine asimvute kwa nguvu, hata kidogo, kwa sababu nyama za ndani zitachanika. Akauliza nani atamsimamia mzee. Mama alitazama sakafu. Nikasema mimi.

Watu walinisifu sana kwa hilo. Ng'ombe hashindwi na nunduye, jirani mmoja aliniambia, akimaanisha mzazi si mzigo. Mimi sikuwa na moyo huo. Nilitaka tu, kwa mara moja maishani, niwe mimi nahesabu na baba awe ndiye anayeinama.

Basi nikahesabu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba, nikamkanda kwa maji ya moto kiasi cha kumfanya avute pumzi, nikamwinamisha mezani. Alinitukana kwa Kiswahili, akachoka, akaendelea kwa Kinyaturu ambacho kina matusi mazuri zaidi. Nikamwambia duara bado saba. Jasho lilimtoka, na halikuwa la joto. Lilikuwa la woga. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona baba akiogopa kitu, na sasa alikuwa anaogopa kiganja changu. Nilifurahi, sifichi. Siku moja nilimshika kiwiko nikakisukuma kupita pale alipokataa, nikaona uso wake ukibadilika rangi, akapiga ukelele mdogo wa kitoto. Nilijua kabisa kwamba huo ndio ule msumari. Nikahesabu mbili zaidi ndipo nikaacha.

Usiku huo sikujisikia mshindi. Nilijisikia kama baba. Kuanzia kesho yake nikawa mwangalifu, nikafuata maneno ya bwana wa mazoezi neno kwa neno, na kwa sababu mimi nikifanya kitu nakifanya, bega likaanza kusikia. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu wangu alikuwa ameshakauka, lakini alikunjika. Vidole vikaanza kupanda ukuta wa tembe. Nilipiga mstari wa mkaa kila vilipofika.

Mama ndiye aliyenikera. Saa ya mazoezi ikifika yeye ndipo anakuja na uji. Baba akishaanza, mama anasema amechoka, mwache mzee apumzike. Siku nyingine nilikuta ukuta wote umesilibwa upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, mistari yangu imepotea, na haikuwa majira ya kusiliba. Nikamfokea. Nikamwambia huruma yake itamlemaza mumewe. Akanijibu kwamba ukuta ulikuwa na nyufa. Mimi niliamini ni mapenzi ya kizamani, yale ya kubembeleza mkono unaokupiga, na nilimdharau kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimepigwa na wanaume wawili, na bado sikuwa na akili.

Ikafika zamu ya fimbo. Nilimletea baba mchi wa kinu, mwepesi, mnyoofu, urefu wake barabara. Akautupa mpaka uani. Mwanamume wa kwetu hashiki mchi hata akiwa anakata roho, na mimi nilijua, ila nilidhani ugonjwa umempunguza. Nikaleta mti wa ufagio. Nao ni wa wanawake. Nikachonga tawi, akasema hilo ni la kuchungia mbuzi, hupewa mtoto. Siku nne zikapita hafanyi zoezi, na bega nikilishika nalisikia linarudi kukaza.

Ile fimbo yake ilikuwa imetoweka tangu siku ya maksai. Nilimwuliza mama, akasema hajui, labda ilibaki shambani. Nikaanza kuitafuta mwenyewe. Niliipata darini, juu ya kihenge, imesukumwa ndani kabisa kati ya nguzo na udongo wa paa, imefungwa gunia na kamba mara tatu. Mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba kitu hicho hakikupotea. Mimi nilijua, na niliona ni upuuzi wa wazee. Nikaipangusa vumbi kwa khanga yangu na kumpelekea baba kwa mikono miwili, kama mtoto mwenye adabu. Mama alikuwa mlangoni na ungo wa uwele. Aliacha kupepeta. Akageuka akaenda nyuma ya nyumba.

Ah, baba alivyobadilika! Kwa fimbo ile hakuhitaji kuhesabiwa. Alilala chali kwenye ngozi kabla sijaamka, mkono wa kushoto ukiusukuma wa kulia, juu, juu zaidi, akigumia kwa maumivu na kuendelea. Kwa wiki chache mstari wa mkaa ulipita kifua changu, ukafika usawa wa kichwa cha mama, ukapita. Nilijigamba kisimani. Nikasema hospitali walidhani hatafika hapo. Wanawake wenzangu wakasema nimepata thawabu.

Mavuno ya alizeti yalipoisha, lori likaja siku ambayo baba ameenda msibani kijiji cha pili. Mnunuzi hakutaka kungoja, alikuwa na safari ya Ikungi. Mama akauza magunia ya shamba lake mwenyewe, lile alilolima kwa mkono, na akanunua khanga na sabuni. Ndiyo hayo tu. Baba aliporudi jioni jua lingali linawaka, akaona magunia hayapo, akauliza, mama akamjibu ukweli. Aliongezea kwamba siku hizi kila mtu anauza mazao yake. Neno hilo sijui alilitoa wapi. Nadhani alikuwa amelibeba siku nyingi.

Baba alinyanyua fimbo. Nilikuwa kwenye jiko la nje nasonga ugali, nikauona mkono ukienda juu, ukapita kifua, ukapita bega, ukanyooka wote juu ya kichwa bila kukwama mahali. Zoezi zima, tangu mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyolifundisha. Pigo la kwanza lilimpata mama mgongoni. La pili lilimpata juu ya sikio, kitambaa chake cha kichwa kikaruka, damu ikamwagika kwenye khanga mpya. Mama hakupiga kelele. Aliinua kile kiwiko chake kilichopinda, akakiweka mbele ya uso, kwa namna ya mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

La tatu halikufika. Sikupiga yowe, sikumwomba. Nilimshika kifundo cha mkono kwa kulia na kiwiko kwa kushoto, vile vile ninavyomshika kila asubuhi, na nikauzungusha kwenda nje, mahali pale penye msumari. Nilipajua kuliko yeye. Alinitazama kwa mshangao, kwa sababu mkono wangu alikuwa ameshauzoea. Nikasukuma. Kitu ndani kikaachia kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa, na baba akaenda chini kwa magoti. Nikaendelea kusukuma. Alilia jina la mama yake. Nikaendelea. Mama ndiye aliyenishika kiuno, damu yake ikinidondokea shingoni.

"Mwache," aliniambia. "Mwache, mwanangu. Tutamzika halafu watakufunga."

Nikamwachia. Ile fimbo niliikata kwa shoka vipande vitatu na ndiyo iliyomalizia ugali wa jioni ile. Kisha nikamwosha mama kidonda.

Kwetu mtoto anayeinua mkono juu ya mzazi hupata laana, na baba angeweza kuwaita wazee wakanikalia kikao, wakadai kondoo wa faini, wakanifukuza. Nilingoja. Nilifunga hata nguo zangu. Lakini kuwaita wazee kungekuwa kuwaeleza kwamba binti yake amempigisha magoti mbele ya mkewe. Walipokuja kumjulia hali na kuona bega limevimba, alisema ni ng'ombe tena. Wakamwonea huruma sana kwa mikosi yake na mifugo.

Asubuhi ya pili yake nilimpa shikamoo, kwa sababu shikamoo ni shikamoo. Nilidhani hataitikia. Kisha akasema marahaba, akitazama pembeni.

Wiki tatu zikapita. Nguo zake zilifungwa na mama, chakula kilimegwa na mama, akaogeshwa na mama. Nilimwona mama akimpandisha suruali mtu aliyempasua kichwa, na kidonda chenyewe hakijafunga, nikajua nimemfunga mama upya kwa kamba nyingine. Siku moja asubuhi baba alikwenda mezani mwenyewe, akainama, akaushusha mkono ukaning'inia. Hakuniita. Aliinama tu, kisogo chake chenye mvi mbele yangu, akangoja.

Nilimchukia, na nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mimi kuliko wote. Halafu nikachemsha maji, nikamkanda, nikaanza kuhesabu.

Tulifanya duara, kila siku, bila kuruka. Mkono ukafika mdomoni, akala mwenyewe. Ukafika kwenye vifungo vya shati, ukafika nyuma akafunga mkanda wake. Alipoanza kutambaza vidole ukutani nilimwambia inatosha, bwana wa mazoezi alisema tusizidishe hapo. Bwana wa mazoezi hakusema hivyo, na baba alikuwepo siku ile hospitali. Alinitazama. Hakubisha, akaenda kuangalia ng'ombe, na miaka kumi na moja aliyoishi baada ya hapo mkono ule haukupanda tena.

Mama aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa uani tunapepeta uwele.

"Hivi yule bwana wa hospitali alisema mkono uishie wapi?"

Nikaweka kiganja kifuani kwangu. "Hapa."

Akakitazama kiganja, akapima kwa macho mpaka usawa wa kichwa chake, akapima tena.

"Kwa kula unatosha," akasema, akaendelea kupepeta.