Mgomba wa Baba

Jana nimerudi kwetu Bugene, na wajukuu wangu wameshikia bango jambo moja: tuzike mgomba wa baba, tumalize msiba. Panga wamelinoa wao. Mimi nimekaa tu kibarazani, na hofu niliyonayo naijua, si ngeni.

Ngoja nikusimulie ilikotoka. Baba alikwenda na askari wa keya, jeshi la Mwingereza, kupigana na Wataliano, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye kimya. Kwetu mtu akipotelea mbali huzikwa mgomba badala ya mwili wake, na akishazikwa hangojwi tena. Bibi alikataa. Kila mlo alimtengea mwanawe sahani ya ndizi na maharage, akaifunika kwa jani.

Halafu padri akaleta sinema ya Kitaliano. Bibi alikwenda kuwaona hao watu waliompokonya mtoto. Baada ya misa tulijazana darasani, madirisha yamezibwa kwa mikeka, shuka jeupe ukutani, mashine ikinguruma na kunuka mafuta. Nilijibana ubavuni kwa bibi, aliyekuwa akitafuna punje za kahawa. Kwenye shuka, kijana aliyetoka kwao kutafuta kazi alianguka njiani akafa, watu wakimpita. Picha ikaishia hapo. Bibi aliacha kutafuna.

Mikeka ilipoondolewa, padri alituuliza tumejifunza nini. Jirani yetu, mzee asiyejua kunong'ona, akasimama.

"Padri, yule kijana hawajamzika! Huo ni mkosi." Kisha akamgeukia bibi. "Nawe mama, wa kwako utamwacha hivyo mpaka lini?"

Darasa zima likatutazama. Bibi akasema polepole, "Kesho nitakata mgomba."

Mgomba ukizikwa, sina baba.

Padri, asiyejua lolote, akacheka. "Jamani, ule ni mchezo! Yule yu hai, labda sasa hivi anakula kwa mama yake."

Bibi alinishika mkono, tukaenda nyumbani.

Alfajiri niliamshwa na mlio wa panga kwenye jiwe. Nilimfuata shambani, nimeuma kanga nisipige kelele. Akaukata mgomba kweli. Ulipolala chini, akautenga mkungu wake wa ndizi, akajitwika, ndipo akaniona.

"Unalia nini? Kawashe moto. Baba yako hajala."

Lile darasa lilishabomolewa, na bibi amelala hapo nyuma ya nyumba. Baba naye, kwa umri, angekuwa amepita miaka mia. Najua, mwenzangu, sihitaji kuambiwa. Wajukuu wananiita shambani. Nimewaambia wangoje, ndizi bado ziko jikoni, na sahani yake sijaifunika.