Mkoba Niliosema Si wa Paris

Namshukuru Mungu aliyenipa mikono ya kazi, na akaniacha niishi mpaka nikayajua makosa yangu. Wengi huitwa kabla ya kuyajua yao. Nimechoka sasa na macho yamepungua, lakini jambo hili la mkoba nataka kuliandika nikiwa bado naweza kushika kalamu.

Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa fundi wa ngozi katika duka la Mhindi mmoja mjini Nakuru. Tulishona mifuko ya shule, mikanda na masanduku ya safari. Nilikuwa na cherehani nzito ya kukanyaga kwa mguu, na nilijivunia mshono wangu ulionyooka kama reli. Wakati huo karibu sote tuliamini kwamba kitu cha Ulaya ni kitu cha mashine. Kazi ya mkono ilikuwa ya maskini.

Siku moja akaja mama kutoka Subukia. Alikuwa amelea watoto wa Mzungu mwenye shamba kwa miaka kumi na minane. Mzungu alipouza shamba na kurudi kwao, wafanyakazi wengine walipewa ng'ombe, wengine mabati. Lakini yeye alipewa na bibi wa nyumba mkoba wa bibi mwenyewe, akaambiwa umetengenezwa Paris na fundi mashuhuri, autunze vizuri.

Nyumbani mumewe alizoea kumwambia mbele ya wageni, "Wenzako wamepewa ng'ombe, wewe ukapewa mfuko." Naye alimjibu kila mara kwamba mfuko huo unapita ng'ombe. Sasa alikuwa amechoka kujibu bila kujua. Hakuja kuuza. Alitaka tu kujua kama alishukuriwa au alichekwa.

Niliufungua juu ya meza. Ngozi ilikuwa ya kahawia, nzito. Nje hapakuwa na jina lolote. Jina liligongwa ndani ya kifuniko, dogo hata ulitafute ndipo ulione. Mishono ililala upande kama mvua yenye upepo, na miwili mitatu ilikuwa mirefu kuliko mingine. Nikaona wazi kwamba ni kazi ya mkono. Sikuuliza mtu, wala sikuuacha pale hata siku moja niutazame tena. Wateja walikuwa wanangoja.

Nikamwambia, "Mama, huu si wa Paris. Umeshonwa kwa mkono na mtu tu, kama mimi."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba hii ndiyo kazi yangu. Akaufunga tena katika leso, akanishukuru, akaenda zake.

Miaka ikapita, tukaingia ya sabini. Mzee mmoja Kalasinga akaja kufanya kazi nasi. Alikuwa ameshona matandiko ya farasi wa Wazungu tangu ujana wake, na farasi wale walipopungua akakosa kazi. Cherehani hakuigusa. Alishika sindano mbili, moja katika kila ncha ya uzi uliopakwa nta, akazipitisha zikipishana katika tundu moja. Nilimtania kwamba kwa mwendo huo mkanda mmoja utammalizia Kwaresima nzima.

Hakukasirika. Alichukua mkanda wangu, akakata mshono mmoja kwa kisu na kuvuta uzi. Mshono wote ukafumuka. Akakata mmoja katika mkanda wake, akavuta, na hakuna kilichosogea.

"Mikoba ya bei kubwa kabisa ya Ulaya inashonwa hivi," akasema. "Mshono unalala. Ukiona umenyooka sana, hapo ndipo uulize."

Alikuwa amewahi kurekebisha mikoba kadhaa ya mabibi wa mashambani. Nikamuuliza kwa nini jina lifichwe ndani. Akasema mwenye kazi nzuri hapigi kelele mlangoni kutangaza jina lake.

Nikaukumbuka mkoba wa mama wa Subukia. Jumapili mbili nilitubu kanisani dhambi zangu zote isipokuwa hiyo. Jumatatu iliyofuata nikapanda lori la maziwa, nikashuka Subukia, nikauliza njia mpaka kwake.

Nilimkuta akichambua maharagwe, na mumewe ameketi karibu na meko. Mkoba ulining'inia juu ya moshi, umejaa mbegu, mweusi kama sufuria. Niliomba niushike, nikausogeza mlangoni penye mwanga. Miaka yote ile ya moshi na uzito, na hakuna uzi hata mmoja uliokuwa umekatika. Nikamwambia yote: kwamba mkoba ni wa kweli, na kwamba kosa lilikuwa langu.

Akaacha kuchambua.

"Yule bibi alikuwa ananiandikia barua kila Krismasi," akasema. "Baada ya maneno yako nilizitumia kuwashia moto bila kuzifungua. Siku hizi haziji."

Nikauliza kama anayo anwani. Akasema ilikuwa nyuma ya bahasha, nazo ziliungua pamoja na barua. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Rudia yale maneno ya mkoba, fundi. Polepole, baba watoto asikie."

Nikarudia. Mumewe aliutazama mkoba, akanitazama mimi.

"Basi," akasema, "mbegu tutazitia wapi?"

Mama akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akamwaga mbegu katika ungo na kuanza kuupangusa mkoba kwa upindo wa leso. Akaniwekea chai. Kama alinisamehe sijui. Niliinywa, nikaaga, nikapanda kilima kwenda barabarani. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea kitu na kuniuliza kama ni halisi, humwomba akiache kwangu siku mbili, na wengi hukasirika wakaenda kwa fundi mwingine.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe watu wasio na haraka na mambo yako, na barua yako imkute mtu wa kuifungua.