Fundi Kesho Anapatana na Mdogo Wake

Mume wangu ni seremala, na mtaani wanamwita Fundi Kesho. Jina hilo hakupewa na maadui. Alipewa na wateja wake wenyewe, watu wanaompenda na ambao bado wanasubiri viti vyao. Ukimuuliza kitanda chako kitakuwa tayari lini, atakitazama kitanda, atakutazama wewe, kisha atasema kesho bila kupepesa jicho. Si mwongo. Anaamini tu kwamba mbao ina haki ya kukauka, gundi ina haki ya kushika, na mteja asiye na kiti ana haki ya kukaa chini.

Karakana yake imepakana na ya mdogo wake, shemeji yangu, tunayemwita Sponji kwa sababu ndiye anayejaza sponji na kuvisha vitambaa kwenye makochi. Zamani ilikuwa karakana moja. Mume wangu anaunda fremu, Sponji anaivisha, kochi linatoka. Siku moja Sponji akamwambia mteja, mbele za watu, kwamba kochi linayumba kwa sababu kaka yake hana jicho la kupimia. Jioni ile ile mume wangu akasimamisha ukuta wa plaiwudi katikati ya karakana, kazi pekee niliyowahi kumwona akiimaliza siku aliyoianza.

Miaka ikapita hawasemeshani. Lakini fremu isiyovishwa haiuziki, kwa hiyo wateja waligeuzwa wachukuzi. Walitoa fremu mlango huu, wakazunguka nayo nje juani, wakaiingiza mlango wa pili. Mgeni angedhani ni mazoezi ya viungo.

Mama yao anaishi nasi. Sponji alikuja kumwona kila Ijumaa jioni, na kila Ijumaa jioni mume wangu alikwenda kununua misumari. Misumari iliyomo nyumbani kwetu inatosha kujenga mtaa mzima, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni ya nini.

Kisha mama akaanza kusahau. Alisahau sufuria motoni, akasahau mlango wa chumba chake uko wapi, akawa ananiita kwa jina la mke wa Sponji. Hilo sikulichukia sana, maana mwenzangu ni mpishi mzuri kuliko mimi. Asubuhi moja mama alipata akili timamu kabisa. Akamshika mume wangu mkono, akamwambia, "Mwanangu, nataka niwaone mezani kwangu wote wawili, wewe na mwenzako, wakati bado nawajua. Usinicheleweshe." Mume wangu akasema sawa, mama. Sikumuuliza lini. Ningeuliza ili iweje?

Nilidhani atavaa viatu aende mlango wa pili. Badala yake alikaa akanieleza mpango. Alishawahi kwenda moja kwa moja kutaka amani, mwaka uliofuata ugomvi, na hawakumaliza hata salamu kabla ya kuvunja stuli. Kosa lake, alisema, ni kwamba alitaka kupaka mikono yote ya vanishi, yaani tabaka zote, siku moja. Ukipaka juu ya mbichi, inajikunja na lazima uikwangue yote uanze upya. Safari hii atakwenda hatua kwa hatua. Kwanza atakohoa, wasikilizane kupitia plaiwudi. Halafu atatuma salamu kwa mteja. Halafu atasalimiana naye ana kwa ana. Halafu waazimane kifaa, halafu chai, na mwisho kabisa meza ya mama. Kila hatua iachwe ikauke.

Nikamuuliza kikohozi kinakauka kwa muda gani. Akasema inategemea hali ya hewa.

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia mama si kabati, hatamsubiri. Akang'oa kibanzi kilichomchoma kidoleni, akasema ndiyo maana hataki kuharibu mara ya pili, kwa sababu mara ya tatu haipo. Hapo nikagundua kuwa mume wangu anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa kitu isipokuwa mchwa.

Basi akaanza kukohoa. Kila asubuhi alisimama karibu na plaiwudi, akakohoa kwa adabu, akasikiliza. Upande wa pili nyundo ilisita kidogo, kisha ikaendelea. Baada ya siku kadhaa mke wa Sponji alinijia na kifurushi cha tangawizi, akaniambia mumewe ana wasiwasi na kifua cha kaka yake. Mume wangu aliichemsha tangawizi, akainywa yote, akatangaza kwamba hatua ya kwanza imepita.

Salamu alimpa mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akizungusha kochi lake. Yule mwanamke alikwenda nayo akihema, akarudi akihema zaidi, kwa sababu Sponji alimpa hotuba nzima ya kujibu na njiani akawa ameisahau nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa nzuri. Mume wangu alikuja nyumbani siku hiyo akipiga mluzi, na mimi mwenyewe nikaanza kuiamini vanishi yake.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo mama alimkaribisha Sponji vizuri, akamwonyesha dari, akamuuliza kama ndiye fundi aliyeletwa kuziba paa. Sponji akacheka, akasema ndiye. Akapanda juu ya kiti, akaigonga gonga dari, akashuka, akaaga. Nilimsindikiza hadi nje. Alikuwa analia waziwazi, kama mtoto aliyenyimwa kitu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa karakana nimempelekea mume wangu chai. Sponji akaingia. Hakupiga hodi.

"Kaka, yaishe. Siku ile nilikosa mimi, na nilijua nimekosa kabla hata sijafunga mdomo. Nisamehe. Twende kwa mama."

Mume wangu alikuwa anapiga msasa mguu wa meza. Hakuacha. "Nimekusikia," akasema. "Lakini bado hatujafika huko. Tuko hatua ya tatu."

"Hatua ya nini?"

Akamweleza yote, kuanzia kikohozi. Sponji alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hukuwa unaumwa."

"Sikuwa naumwa."

"Na tangawizi?"

"Niliinywa."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwape wote wawili vipande vyao. Lakini Sponji alikuwa anaitazama mikono ya kaka yake. Msasa ulikuwa bado unapita juu ya ule mguu wa meza, na mguu wenyewe ulishakuwa laini zamani. Akaketi juu ya rundo la mbao, akapangusa uso.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Hiyo ndiyo ya tatu?"

"Ndiyo."

"Inakauka lini?"

"Kesho," akasema mume wangu.

Na kweli kesho yake Sponji alikuja kuazima randa, kifaa ambacho mtu wa sponji hana kazi nacho hata kidogo. Akairudisha mchana, akashukuru. Siku iliyofuata walikunywa chai wamesimama mlangoni, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara, hawakusema lolote zaidi ya kwamba sukari imezidi. Kwa mwendo wa mume wangu, hizo zilikuwa mbio. Ijumaa ilipofika hakwenda kununua misumari.

Tulimkalisha mama katikati. Mke wa Sponji ndiye aliyepika, sikubishana. Mama alikula polepole, akamtazama mmoja, akamgeukia wa pili, akarudi kwa yule wa kwanza. Nilimwona mume wangu akisubiri kuitwa jina lake, na Sponji naye akisubiri lake.

"Mnafanana sana," mama akasema. "Mmezaliwa nyumba moja?"

Mume wangu akaweka kijiko chini. Nilimhurumia, na nilitamani pia kumfinya, vyote kwa pamoja.

"Ndiyo, mama," akasema. "Huyu ni mdogo wangu."

"Na huyu ni kaka yangu," akasema Sponji.

Mama akafurahi sana. Akasema mwanamke mwenye watoto wanaokula sahani moja bila kugombana ana bahati, na akawaomba wakirudi kwao wampelekee mama yao salamu.

Mume wangu akasema zimeshamfikia.