Dhahabu ya Shemeji

Shemeji yangu Severin hatulii. Tangu aokote lile jiwe la manjano kijitoni, hapa kwetu Matombo, halali, akikaa anasimama, na kuoga ndiyo ameacha kabisa. Ati mwenye dhahabu akioga, dhahabu inahama. Watu wakigombana karibu yake, inahama pia. Sasa mtu kama mimi, niliyezaliwa na mdomo, nigombe kwa kunong'ona?

Jana dada yangu Regina, mkewe, akaniita mbio. Nikakuta shoka limeshakita kwenye shina la mkarafuu. Mikarafuu ile aliipanda marehemu mama yetu, ndiyo inayomlisha Regina na wanawe, na Severin anataka kuikata yote achimbe shimo!

"Shemeji, una wazimu?" nikanong'ona, mishipa ya shingo imenitoka.

"Punguza sauti, Alois. Mwamba wa dhahabu uko chini ya mizizi hii."

Nikaomba nilione jiwe. Nimewahi kubeba mawe machimboni Geita, dhahabu naijua. Hilo lilikuwa na pembe kali, linametameta kama bati jipya. Dhahabu haina mbwembwe hizo. Ni nzito mpaka mkono unashtuka, tena laini. Ukiigonga inatandaa kama donge la ugali. Haishiki kutu hata ilale mtoni miaka na miaka. Na ni adimu, jamani! Chuma kimejaa kwenye udongo wetu huu mwekundu, nani anakihangaikia? Lakini dhahabu, watu wanasaga lori zima la mawe wapate isiyojaza kizibo cha soda.

"Basi ligonge tuone," nikamwambia.

Akalikumbatia. "Thubutu! Halipigwi hili."

Regina alikuwa amechoka. Akampokonya, akaliweka juu ya jiwe la kusagia, akashusha nyundo. Paa! Zikaruka cheche, ikatoka harufu ya kiberiti, vipande vikatawanyika.

"Haya, dhahabu yako hiyo!" nikapaza sauti, mbavu sina. "Nenda kaoge, baba!"

Severin hakucheka. Alikaa chini akalia, mtu mzima na ndevu zake.

"Shamba ni la ukoo wenu," akasema. "Nyumba imesimama kwenye shamba lenu. Hata watoto ni wa ukoo wa mama yao, na wewe mjomba ndiye mwenye kauli. Nimelima hapa mpaka mgongo umepinda, Alois. Nilitaka kitu kimoja tu kiwe changu."

Kicheko kikanikauka. Nilitamani kuondoka pale. Regina akalichomoa shoka kwenye mkarafuu, akalitupa pembeni.

"Kaka, mpe huu mmoja," akaniambia. "Mti mmoja tu, uitwe wake."

Wote wawili wakanitazama. Nikajikuta nasema nitakaa na ukoo kwanza, tuone. Severin akaitikia kwa kichwa, taratibu, halafu akainama kuokota vipande vya jiwe lake.