Kofia ya Baba

Juzi mjukuu wangu alisimama shuleni, hapa Palma, akawakaribisha wageni wa kampuni ya gesi kwa shairi la Kireno. Sauti haikumtetemeka. Mimi nikanusa tena mbata za mchana ule.

Nilikuwa mdogo hivyohivyo, enzi za Mreno, nikiimba Kireno nisichokijua mbele ya bwana mkubwa wa serikali. Baba alisimama nyuma, uso unang'aa. Askari akamfokea, "We mzee, vua kofia!" Baba akaivua, akaja polepole mpaka nilipo, akanivisha mimi.

"Imba, mama. Usiinamishe kichwa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikadhani nimetunzwa, nikazidisha sauti. Kumbe yule bwana alikuja kutuhamisha. Kesho yake tulipelekwa kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, minazi yetu ikabaki na nyani.

Hawa wa juzi nao wanayataka mashamba yetu. Mwanangu, babake mtoto, alicheka mpaka magego yakaonekana. "Mama, umemsikia mtoto lakini?" Nilimsikia. Mkubwa wa wageni alipoinuka kusema, mwanangu akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni.

Wala hakuna aliyemwamuru.