Mlango wa Ndege ya Iddi

Katika arobaini ya Iddi, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege Dar es Salaam, wanawake wa mtaani kwake, Rahaleo, walipolizunguka sinia la pilau, jirani Saumu aliropoka: “Marehemu alijisifu bure kuwa akipakia mizigo kwa mlango mkubwa wa ndege! Mwanangu kaiona hiyo ndege ya VC10, haina mlango mkubwa wa mizigo ubavuni.”

Mwaisha, mjane wa Iddi aliye edani, akainuka. Akaleta picha ya VC10 mbili sambamba. Ile ndefu ilikuwa na mlango mpana karibu na pua, Iddi kasimama mlangoni.

“Mwanao kaona hii fupi, ya Waingereza. Ndefu ni yetu, ya shirika la ndege la Afrika Mashariki. Usimwite mume wangu mwongo, bibi wee!”

Saumu akanywea, akanyoosha mkono kwenye pilau. Mwaisha akalivuta sinia, akampakulia kwenye kisahani, ale peke yake.