Habari za Mvua Kutoka Kenya

Nilipoolewa Mlandege, mjini Iringa, katikati ya miaka ya hamsini, Kenya niliijua kwa sauti ya mume wangu. Alikuwa fundi cherehani, na kila gazeti lilipofika aliweka kitambaa kando baada ya sala ya alasiri, akawasomea majirani barazani. Kenya ya gazeti ilikuwa misitu, mapanga, viapo vya gizani na nyumba zilizochomwa moto. Siku moja ilitoka picha ya wanaume waliokamatwa, nywele zimesokotana, macho yamewatoka. Mama mkwe wangu aliitazama kwa muda mrefu.

"Nchi nzima imegeuka hivi," akasema. "Mungu atunusuru."

Hakuna aliyembishia. Nani kati yetu alikuwa amefika Kenya?

Ndipo dereva wa lori aliyepanga chumba uani kwetu alipomleta mkewe. Walioana Nairobi, alikofanya kazi zamani, na tangu warudi mwanamke alikuwa akikaa kwa wakwe zake Kihesa. Alikuwa Mkikuyu, mwembamba, ana mwanya, na Kiswahili chake kilikuwa cha mkato. Alitusalimia wote, mmoja mmoja.

Mama mkwe alinivuta jikoni. "Chakula chake usile. Na mlango utie komeo."

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Nikatii.

Lakini kila gazeti liliposomwa, yule mwanamke alikuja akasimama karibu na nguzo, khanga ameivuta hadi kidevuni. Majirani walishusha sauti. Usomaji ukiisha, alirudi uani. Watu wakasema anakuja kufurahia kazi ya ndugu zake.

Alasiri moja mama mkwe alishindwa kuvumilia. "Wewe binti, unafuata nini hapa? Una watu wako huko msituni?"



"Sijui, mama," akajibu. "Nina mama yangu na mdogo wangu wa kiume. Nilipoondoka tulikuwa tumepanda maharagwe. Nangoja waseme kama mvua imenyesha."

"Mvua?"

"Wanasema watu waliokufa tu. Mvua hawasemi."

Mama mkwe alimtazama miguuni. Kisha akajisogeza kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki. "Kaa hapa, mwanangu. Miguu itakuuma."

Gazeti lililofuata, mume wangu hajamaliza hata kichwa cha habari, mama yake akamkatiza. "Hayo ya mapanga tumeshayasikia. Tutafutie ya mvua."

Mume wangu akafungua kurasa, akazirudia. Nilikuwa ubavuni pake, na ingawa kusoma kwangu kulikuwa kwa polepole, niliona hakuna habari ya mvua. Akakohoa. "Kenya," akasoma, "mvua zimeanza vizuri upande wa milimani. Maharagwe yamechanua na wakulima wana matumaini."

"Kumbe na wao wanalima?" jirani mmoja akauliza.

"Ulidhani wanakula mapanga?" mama mkwe akamjibu. Watu wakacheka, na yule mwanamke akacheka nao. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Tangu hapo mume wangu hakukosa habari ya namna hiyo: soko limejaa viazi, harusi imefana, ng'ombe wa mtu kazaa mapacha. Majirani wakaanza kumwuliza mwanamke mwenyewe. Kwenu mnaolewaje? Baridi yenu inafika hii ya Iringa? Akapika mahindi, maharagwe, viazi na majani, akaviponda pamoja. Mama mkwe akaonja kwa ncha ya kidole, akasema chakula kinadai nazi, akamaliza bakuli.

Siku moja nilikuwa nikifua na yule mwanamke. "Mwambie mumeo asante kwa zile mvua," akaniambia.

"Si gazeti?"

"Dada, nimesoma shule ya misheni. Mkimaliza huwa naliokota nalisoma."

Nikakosa pa kuweka uso. Yeye akaendelea kukamua shuka. "Asiache lakini. Mama mkwe wako anazipenda."

Nilipomweleza mume wangu, alizitema pini zake kiganjani. Hakuacha.

Baadaye dereva alipata kazi Mbeya, wakahama. Miaka ya hamsini ilipokaribia kwisha tukapata salamu kwamba mdogo wake ametoka kizuizini na amefika huko. Mama mkwe hakukubali kuambiwa njia ni mbaya. Tulipanda basi, mwanangu mapajani, vumbi hadi kwenye kope.

Yule kijana alikuwa mpole, nywele kazikata. Alitueleza kwamba mama yao alifariki zamani, katika kijiji walichohamishiwa kwa nguvu. Ulikuwa mwaka uleule tuliokuwa tukisoma habari za maharagwe. Mama mkwe alimkumbatia yule dada wa kijana, wakalia pamoja.

Alipojifuta machozi alimgeukia kijana. "Na njiani ulikula nini, baba?"

"Sikula. Pale Igawa abiria wenzangu walishuka kunywa chai. Mimi niliogopa kushuka."

"Uliogopa nini?"

Kijana akainamisha kichwa. "Gazeti la kwetu liliandika kwamba nchi hii ina simba wanaokula watu. Nikajua ni Tanganyika yote."

Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu, machozi yakamrudia upya. Kisha akamshika kijana mkono, akamtoa nje kumtafutia chai.